Simu ya Mwantum Iliyowekwa Nyuma

Hasira za Mwantum si za kurithi. Baba yake, Mzee Masudi wa milimani Kondoa, alikuwa mtu ambaye hata umkanyage mguu angekuomba radhi yeye. Mama yake ndiyo usiseme. Hasira zile Mwantum alizipatia kazini, ukubwani, akiwa na miaka hamsini na moja, na waliompa wanajulikana kwa majina. Mimi nitayataja.

Kazini kwake, anakokaa mapokezi na simu, ni Jumuiya ya Bonde, nyumba ya ghorofa moja iliyoko Area D mjini, yenye geti jeusi na bango kubwa kuliko kazi yenyewe. Bango linasema Jumuiya inajenga ustahimilivu wa jamii. Mwantum anasema Jumuiya inawaambia watu wa Bahi kwamba maji yanakuja, basi. Mvua ikinyesha sana kule juu Kondoa, mto unashuka na kumwagika Bahi, ambako ni bondeni. Watu wa Bahi wanayataka hayo maji. Wanalimia mpunga, wananyweshea ng'ombe, na mwaka wa neema wanavua na kambale. Ila yakija kwa fujo yanachukua mpunga, ng'ombe na mwenye ng'ombe.

Kwa hiyo kule juu Kondoa, kwenye daraja la mto huo, anakaa Halfani, mpwa wake Mwantum. Mbele yake kuna nguzo iliyopakwa rangi ya kijani, ya njano na nyekundu. Maji yakifika kwenye nyekundu, Halfani anapiga simu Area D, Mwantum anapiga simu Bahi, na watu wanatoka kwenye majaruba ya mpunga na mifugo yao wakapande kwenye tuta la reli. Kutoka nyekundu ya Halfani mpaka majarubani ni mwendo wa saa tano, na mto ukiwa na haraka ni pungufu ya hapo.

Huko bondeni simu za mkononi ni za kubahatisha: upande kichuguu, uinue mkono, uombe Mungu. Ndiyo maana Jumuiya iliweka simu nne za mezani zinazopita kwenye intaneti, moja kwa kila kituo cha kuonya watu, zikarushwa kwa mnara mpaka ofisini. Wazo zuri kabisa. Ubaya ni kwamba njia ya intaneti ilikuwa moja tu kwa nyumba nzima. Mhasibu akifungua kurasa za benki, afisa mradi akipakua picha zake alizopigwa akiwa amevaa buti, dereva akitazama marudio ya mechi, mlinzi getini akitazama kwaya, wote walipita palepale alipopita Mwantum na habari zake za maji.

Na Mwantum hakulelewa hivyo. Alianza kazi akiwa msichana wa miaka ishirini katika hospitali ya misheni huko milimani, akiendesha simu ya upepo, ile ya redio. Simu ya upepo ilikuwa ya wote. Vituo kumi na kimoja vilisikilizana, ukamsikia padri wa huku akiagiza saruji na mganga wa kule akiulizia dawa za minyoo. Lakini ilikuwa na adabu yake. Mtu akisema "dharura" mara tatu, wengine wote wananyamaza, hakuna cha mkubwa wala mdogo. Siku moja Mwantum alimsikia mkunga wa zahanati ya porini akimkatisha askofu katikati ya sentensi, kwa kuwa alikuwa na mzazi anayevuja damu. Askofu akakaa kimya dakika arobaini. Mkunga alipomaliza, mzee wa watu aliuliza jambo moja tu: "Amepona?"

Mwantum aliondoka na adabu hiyo milimani akaileta mjini, akidhani kila mahali watu wanaijua.

Ofisini simu zilikatikakatika. Unasikia neno moja, la pili linamezwa, la tatu linakuja baada ya muda kama mtu anayeongea akiwa ndani ya debe. Akamwendea Kefa, fundi wa mtandao, kijana wa Kigogo mwenye mtoto mmoja na mwingine njiani.

"Shikamoo Mama. Tatizo si simu," Kefa alimwambia. "Tatizo ni foleni. Ukurasa wa intaneti ni mtu aliyekuja bombani na ndoo. Akisubiri kidogo hafi, ndoo itajaa tu. Sauti ni mtu anayekunywa. Ukimkatia maji katikati, anapaliwa."

"Sasa anayekunywa si apite kwanza?"

"Inawezekana. Naiambia ruta: ikija sauti, ipishe. Wengine watachelewa kufungua kurasa zao kidogo, sekunde chache tu, wala hawatajua."

Kefa akaifanya kazi hiyo siku hiyohiyo, mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijashika. Na kweli hakuna aliyejua. Benki ilifunguka, kwaya iliimba, na Mwantum akawasikia watu wa Bahi vizuri mpaka majogoo yao.

Kila asubuhi alipiga vituo vyote vinne kuvijaribu. Cha nne, cha mbali kabisa, kwenye pampu ukingoni mwa mbuga, alikuwa akikilinda Mzee Bartolomayo. Kwa Bartolomayo simu isiyo na salamu si simu. "Mbukwenyi!" anaanza kwa salamu ya Kigogo, kisha anauliza nyumba, watoto, kuku, mvua ya Kondoa, na afya ya Halfani ambaye hajawahi kumtia machoni. Mwantum anajibu kimoja kimoja, naye anauliza vya kwake: mke wake Anna, mguu wa Anna, ndama. Dakika kumi zinakwisha. Mhasibu alikuwa akicheka, eti Mama anapiga umbea kwa mali ya ofisi. Mwantum aliendelea kupiga. Mtu unayetaka akuamini siku ya maji, lazima umjue siku ya ukavu.

Sasa tumlete Meneja.

Meneja anaitwa Geofrey. Ana miaka arobaini, suti tatu, na shikamoo aliiacha siku aliyopewa ufunguo wa ofisi ya juu. Mwezi wa kwanza ulipoingia, akapata habari kwamba wafadhili wanakuja kutembelea mradi. Akawa hashikiki. Akapaka rangi upya geti lililokuwa limepakwa rangi. Akaagiza simu binafsi zifungiwe drooni siku hiyo ili wafanyakazi waonekane watu makini. Kisha akamwita Kefa amweleze intaneti imepangwaje, wageni wasije wakauliza akakosa la kusema.

Kefa, kwa unyofu wake, akamfungulia orodha kwenye kompyuta. Nambari moja: simu za vituo. Nambari mbili: nyingine zote.

"Mimi niko wapi?" Meneja akauliza.

"Uko kwenye nyingine zote, bosi."

"Mimi ni nyingine zote?"

Kefa akajaribu kueleza habari za ndoo na mtu anayekunywa. Meneja alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alichokiona yeye ni kwamba kwa miezi miwili amekuwa nyuma ya mama wa mapokezi. Huo ndio ugonjwa wetu, na tusijifanye hatuujui. Kwenye kila shughuli tunaweka meza kuu, tunaitandika kitambaa, mgeni rasmi anapakuliwa kwanza hata kama ametoka kula, na mama aliyeamka alfajiri kupika anakula ukoko. Kwenye harusi haiui mtu. Lakini Meneja Geofrey aliuona mtandao nao ni shughuli, akataka uwe na meza kuu.

"Panga kama watu wanavyopangwa," alisema. "Ukumbi wa wageni kwanza. Halafu ofisi yangu. Mhasibu. Maafisa. Simu weka mwisho."

Kefa akapanga. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi unaofuata. Akamwambia Mwantum kwenye korido, huku akitazama viatu vyake.

"Na wewe ukakubali?"

"Ningefanyaje, Mama?"

Mwantum akapanda ngazi. Alimkuta Meneja akichagua nyimbo za kukaribishia wageni.

"Meneja, sauti haiwezi kukaa foleni."

"Mama, humu ndani kila mtu anaona kazi yake ndiyo muhimu."

"Sikusema mimi ni muhimu. Nimesema simu. Mvua inanyesha Kondoa siku ya nne leo."

"Tutaliangalia wageni wakishaondoka. Ni keshokutwa tu. Keshokutwa moja, Mama!"

Akateremka. Hiyo keshokutwa moja ndiyo iliyomtia hasira ambazo hazijamtoka mpaka leo.

Siku ya wageni Mwantum alifika saa mbili kamili, akaweka simu yake ya mkononi drooni kama ilivyoamriwa. Simu ya mezani ilikuwa inalia kabla hajavuta kiti. Akainua. Kimya. Akaweka. Ikalia tena. Kimya, kisha mkwaruzo, kisha kipande cha sauti ya Halfani kikisema "nyekundu", kisha kimya. Mwantum akafungua droo, amri ikaishia hapo, akampigia Halfani kwa simu yake.

"Shangazi, toka saa moja napiga ofisini, na yako ikawa haipatikani!" Halfani alikuwa analia au anapiga kelele, Mwantum hakuweza kupambanua. "Imefika nyekundu saa moja, sasa hivi nguzo yenyewe siioni!"

Saa moja asubuhi. Basi saa sita mchana maji yako majarubani, na huu ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, watu wamejaa mbugani mpaka mwisho.

Akapiga kituo cha kwanza. Kiliita, kikapokelewa, kikafa. Cha pili hivyo hivyo. Cha nne Bartolomayo alipokea, akasikika "Mbuk—", akapotea. Mwantum akapiga tena. Na tena. Akajaribu kwa mkononi namba zote alizokuwa nazo za Bahi, na mwanamke yule wa kwenye mashine akamwambia kwa upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Alitamani kumpiga kofi.

Saa mbili na nusu akapanda juu kumtafuta Kefa. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, afisa mradi akiwa amesimama nje kama askari. "Kefa yuko na skrini, toka alfajiri anaijaribu filamu, Mama. Wageni wako getini. Subiri kidogo." Mwantum akasubiri kidogo. Akarudi chini, akapiga, ikafa. Akapanda tena, akagonga, akaambiwa wageni wanajitambulisha. Akarudi chini, akapiga. Hapa lazima tuseme kweli, maana yeye mwenyewe anaisema: alisubiri. Alilelewa kugonga mlango na kungoja aitwe ndani, na mwanamke mwenye habari ya maji mkononi alipanda na kushuka ngazi kwa adabu karibu saa mbili nzima. Hasira yake kwa Geofrey ni kubwa, lakini ile aliyonayo juu yake mwenyewe ndiyo inayomwamsha usiku.

Saa nne na robo hakugonga.

Ukumbini kulikuwa na sambusa, maua ya plastiki na wageni tisa. Ukutani ilikuwa inaonyeshwa filamu ya Jumuiya kutoka kwenye intaneti, ya rangi safi, haikwami hata kidogo. Na filamu yenyewe, Mungu ananisikia, ilikuwa inaonyesha simu. Simu ya mezani ya kituo cha kwanza, inaita, mkulima anaipokea akitabasamu.

"Meneja, mto umepita nyekundu toka saa moja," Mwantum alisema. "Simu hazipiti. Zima hiyo."

Meneja hakupaliwa hata na sambusa yake. Alitabasamu kwa wageni, akamshika Mwantum bega. "Na huyu ndiye mama yetu wa simu! Yuko nasi toka mwanzo wa mradi. Tumpigie makofi!"

Wakampigia makofi. Watu tisa, wenye akili zao, wakampigia makofi, na mmoja akampiga picha.

Mwantum akamtazama Kefa aliyekuwa ameketi kando ya mashine. Kefa akainamisha kichwa. Mwantum akageuka, akateremka, akafungua kabati la mitambo lililo chini ya ngazi, akakuta nyaya nyingi kuliko alivyotegemea. Akazikamata zote kwa mkono mmoja.

"Huo wa njano," sauti ilisema nyuma yake. Kefa alikuwa amemfuata. "Huo wa njano tu ndio wa juu. Nyingine ziache, Mama."

Aliujua waya, alikuwa na mikono miwili, na bado alingoja mwanamke auvute. Mwantum akauvuta.

Huko juu filamu ikaganda, na vicheko vikaganda nayo. Huku chini simu ikafunguka. Kituo cha kwanza kikapokea, wakasikia, wakaanza kugonga chuma cha reli kilichotundikwa kwa kazi hiyo. Cha pili. Cha tatu. Meneja alikuwa ameshafika mlangoni akisema kitu, Mwantum akamwonyesha kiganja bila kumtazama, kama unavyomzuia mbuzi.

Kituo cha nne kikapokelewa mlio wa kwanza tu.

"Mbukwenyi, mama! Leo simu yenu ina shetani? Asubuhi nzima inaita nikishika inanyamaza, nikasema hawa wa mjini wananichezea. Nyumba haijambo?"

"Baba, leo hakuna salamu."

Bartolomayo akaziacha salamu palepale. Miezi yote ile ya kuku na ndama ilikuwa kwa ajili ya wakati huo, na aliuelewa bila kuelezwa.

"Ni mengi?"

"Ni mengi. Saa sita yatakuwa hapo. Yakiwahi, kabla."

"Sasa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Haya. Kuna akina mama wa kupandikiza kule mwisho wa mbuga. Kwenda tu ni saa nzima." Hakuuliza kwa nini ameambiwa saa nne na nusu. Akaweka mkono wa simu juu ya meza bila kuukata, na Mwantum akasikia miguu yake ikitoka nje, kisha pampu, kisha ndege.

Kwa saa nzima na zaidi alikaa na ile simu sikioni. Baadaye ndege wakanyamaza, ukaja mngurumo, na laini ikakatika yenyewe.

Bartolomayo alifika mwisho wa mbuga, akaanza kuwatoa wanawake kumi na wanne waliokuwa huko. Njiani alipowahesabu akakuta kumi na watatu. Joha, aliyekuwa jaruba la pembeni kabisa, hakuwamo. Akawaambia wengine wakimbilie relini, yeye akarudi. Joha alikutwa jioni juu ya mti wa mgunga, mzima, hana sauti. Bartolomayo alikutwa siku ya tatu. Angeambiwa saa mbili na nusu, angekwenda mwisho wa mbuga kwa miguu, akamtafuta na Joha, akarudi, na bado angewahi kuhesabiwa kwenye tuta.

Juma lililofuata Mwantum alipata karatasi mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilikuwa nakala ya taarifa kwa wafadhili: mfumo wa simu wa Jumuiya umeokoa maisha ya watu mia mbili na kumi, hongera kwa uongozi. Akaisoma mpaka mwisho akitafuta jina la Bartolomayo. Halikuwemo. Ya pili ilikuwa yake: ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuiaibisha taasisi mbele ya wadau. Akazikunja zote mbili, akaziacha juu ya meza ya Meneja, juu ya sahani yake ya karanga, naye akiwepo.

"Mtu mmoja amekufa, Meneja. Mtaje jina."

 Geofrey akatazama ile taarifa iliyokunjwa, labda akidhani liko mle. Hakulijua.

Mwantum hakumsaidia. Akachukua kanga yake, akapanda bodaboda mpaka stendi, akaenda Bahi msibani.

Anna alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, mguu wake mbovu ameunyoosha, kazungukwa na wanawake. Mwantum alimshika mkono, akajitaja. Anna alimtambua kwa sauti, akasogea ampishe nafasi.  Uji ukapitishwa. Kisha Anna akauliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, bila ukali wowote.

"Mzee alisema asubuhi ile mlipiga, mlipiga, mkanyamaza. Siwalaumu, mwanangu. Nauliza tu nijue. Mlikuwa na nini?"

Mwantum akaweka kikombe cha uji chini. 

"Tulikuwa na wageni, mama."

Anna akaitikia kwa kichwa. Nyumbani kwake pia mgeni ni mtu wa kuangaliwa.

"Walikula?" akauliza.

"Walikula," alisema Mwantum.